Ujumbe Niliouhamisha Chumba kwa Chumba

Mama Anande, mke wangu,

Kuna kitu chako nimekificha tangu ulipoondoka, na sikukificha nyumbani. Hata ungerudi leo ukapekua masanduku yote, ukainua na magodoro, usingekikuta. Nilikificha mjini, ofisini kwetu, ndani ya mtambo wa simu. Ni sauti yako. Ulinipigia asubuhi ya siku ile ya mwisho, mashine ikakupokea, ukaniachia ujumbe, na ujumbe huo umekuwapo hadi wiki hii. Watoto wanajua kuwa upo. Kuna wasilolijua, nawe hulijui, nami nitalisema, ila uniache nilifikie kwa mwendo wangu. Kifua changu siku hizi hakiniruhusu kuandika zaidi ya ukurasa mmoja bila kupumzika, na nikianza na lenyewe sitaweza kuendelea.

Barua hii naiacha wazi, haina bahasha. Anande ataisoma, na wadogo zake, na yeyote katika ukoo atakayependa. Daktari ameniambia kwa upole kuwa moyo wangu umechoka. Nilimshukuru kwa neno hilo. Katika maneno yote waliyonipa pale hospitali, hilo ndilo nililoona linanihusu.

Unakumbuka mtambo ule ulipofungwa? Kampuni ilikuwa inauza kahawa vizuri miaka ile, wakubwa wakaona aibu kuwa na simu moja ya mapokezi ambayo kila mtu anaitiwa kwa kelele kwenye korido. Mafundi wakaja kutoka Dar es Salaam, wakapachika sanduku la rangi ya maziwa ukutani nyuma ya mapokezi, wakavuta nyaya vyumba vyote. Kila meza ikapata simu yake na namba yake ya ndani. Na kila namba ya ndani ikapewa kisanduku cha sauti, yaani mtu akikupigia ukawa hupo, mashine inampokea kwa sauti yako mwenyewe, inamwambia aache ujumbe, na taa nyekundu kwenye simu yako inawaka mpaka usikilize. Mimi ndiye niliyekuwa afisa utawala, kwa hiyo mtambo nilikabidhiwa mimi pamoja na kitabu chake kinene cha maelekezo. Nilikisoma chote. Wenzangu walicheka, wakasema mtu aliyesoma chuo kikuu anapewa kitabu cha simu anakisoma kama Agano Jipya.

Nikarekodi salamu yangu. Nilisema kwa sauti ya kiofisi kwamba sipo mezani kwa sasa, tafadhali acha ujumbe wako baada ya mlio. Siku ya kwanza ulipoisikia uliijibu. Uliniuliza habari za kazi, ukanyamaza unisubiri, ukauliza tena, ukanyamaza, kisha ukakata. Jioni nilipofika nyumbani nilikuta chakula mezani na wewe umekaa upande wa pili huniangalii. Ulisema nimekudharau mbele ya watu wa ofisi, nakwambia sipo na ni mimi ninayesema.

Nilikueleza habari za kisanduku, nawe ulielewa upesi. Ulikuwa mwalimu, ulifundisha darasa la nne miaka mingi kabla ya kuyaacha yote kwa ajili ya ng'ombe wako, na hapakuwa na kitu unachoshindwa kuelewa. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Lakini hukubadilika. Kesho yake ulipiga tena, ukasalimia, ukanyamaza. Ukasema jambo moja, ukanyamaza. Nilipokuuliza, ulinijibu kama unavyomjibu mwanafunzi: "Nimeshaelewa kuwa ni mashine. Lakini siwezi kusema na mtu nikamnyima nafasi ya kujibu. Ukifika, we jibu pale palipo kimya."

Basi nikawa najibu. Saa kumi na moja jioni, wengine wakifunga madirisha, mimi nafunga mlango wangu, naweka mkono wa simu sikioni, nakusikiliza, na pale uliponyamaza najibu. Nzuri, sijui za huko. Amekula? Haya, nitapitia duka la dawa za mifugo. Siku moja Elia wa stoo alifungua mlango akanikuta naongea na ujumbe uliorekodiwa muda wa saa tano kabla. Alisimama pale na karatasi zake mkononi. Akasema, "Mzee, huyu mama anaongea na mashine vizuri kuliko wewe unavyoongea na sisi." Kuanzia hapo kampuni nzima ikajua. Nilitaniwa mwaka mzima. Mtu akitaka ruhusa ananiambia, "Niseme kwanza ninyamaze, au unajibu papo hapo?"

Mashine ilikuwa inatoa dakika mbili tu kwa kila mpigaji, na nusu ya dakika zako zilikwenda kwenye ule ukimya wa adabu. Ilikuwa inakukata ukiwa ndiyo kwanza unakaribia neno lenyewe. Ulikuwa unapiga tena umekasirika, unaniambia mashine yangu haikulelewa, inamkatiza mtu mzima, haya, nilikuwa nasema hivi. Nilipata ujumbe wa sehemu mbili, wa sehemu tatu. Ningeweza kukuongezea dakika, kitabu kilieleza jinsi ya kufanya. Sikuongeza. Sijui kwa nini. Nadhani nilipenda ulivyokuwa unarudi.

Simu za mkononi zilikuwepo tayari, nawe ulikuwa nayo, ile ndogo uliyoifungia kwenye kitenge. Yangu nilikuwa naizima nikifika getini. Ni mimi niliyeandika waraka kuwa wafanyakazi wazime simu zao saa za kazi, na sikutaka kuonekana nauvunja. Kwa hiyo hukuwa na njia ya kunipata mchana ila kupitia mapokezi, kisha namba yangu ya ndani, kisha, mara nyingi, mashine. Ulisema kwamba umeolewa na mtu ambaye kumfikia ni lazima upite kwa mlinzi na karani. Ulisema kwa utani. Sasa nayarudia maneno yale peke yangu hapa barazani, na sioni utani ulikuwa wapi.

Siku yenyewe unaijua kuliko mimi. Mimi naijua kwa upande wa mjini. Ilikuwa mchana, jua kali, magunia yanashushwa uani. Mapokezi wakaniunganishia simu ya jirani yetu, Mama Elinami, akaniambia nipande nyumbani haraka. Hakusema zaidi. Nilipofika mgombani walikuwa wamekufunika kwa kanga yako mwenyewe, na majani ya ng'ombe uliyokuwa umekata yako pembeni, yamefungwa vizuri. Presha, walisema. Anande alikuja usiku huo kutoka Dar. Kati ya maswali aliyoniuliza, moja lilikuwa kama mama yake alinipigia siku hiyo. Nilimwambia alipiga, nilikuwa kikaoni, aliacha ujumbe. Akauliza ulisema nini. Nikamwambia ulikuwa unanisalimia tu.

Baada ya matanga nilirudi kazini. Taa nyekundu kwenye simu yangu ilikuwa inawaka. Watu walikuja mmoja mmoja kunipa pole, na kila aliyeingia aliiona, akaangalia pembeni. Walipokwisha nilifunga mlango, nikaweka mkono wa simu sikioni, nikabonyeza. Yule mwanamke wa kwenye mashine, anayesema Kiingereza chake kisicho na haraka, akaniambia nina ujumbe mmoja mpya, akataja siku, akataja saa. Kisha nikakusikia unavuta pumzi. Unaijua namna yako ya kuvuta pumzi kabla ya kusalimia, kama mtu wa kwaya anayesubiri mkono wa mwalimu. Nikaweka simu chini.

Sikusikiliza, Mama Anande. Siku ile sikusikiliza, wala kesho yake, wala wiki ile. Niliogopa kwamba ulikuwa unaomba msaada. Niliona heri nisijue, maana kama uliniita, ukasema njoo najisikia vibaya, nami nikafika saa tano baadaye kukuta kanga, ningeishije katika nyumba hii? Na wakati huohuo sikuweza kuufuta. Nikawa na kitu ambacho siwezi kukifungua wala kukitupa.

Mtambo haukuniacha nikae hivyo. Ujumbe wowote uliokaa mwezi mmoja kwenye kisanduku ulifutwa wenyewe. Nilirudi kwenye kile kitabu kinene, nikakuta ukurasa unaoeleza kwamba ujumbe ukihamishwa kutoka namba moja ya ndani kwenda nyingine, kule unakofika unahesabiwa kuwa umeingia leo. Mwezi unaanza upya. Na huhitaji kuusikiliza wote ndipo uuhamishe. Unasubiri yule mwanamke ataje siku na saa, unabonyeza kitufe cha kuhamisha, unaandika namba ya ndani ya chumba unachotaka, unamaliza kwa alama ya reli. Ukiwa na vidole vyepesi, husikii chochote ila mwanzo wake kabisa.

Nikakuhamishia chumba cha kuonjea kahawa. Nilikichagua kwa sababu simu ya kule haikuwa ikitumika, waonjaji walikuwa na midomo imejaa muda wote. Mwezi uliofuata nikakupeleka chumba cha mikutano. Kisha stoo, kisha kibanda cha mlinzi, kisha ofisi ya bwana shamba aliyehamishwa bila mtu mwingine kuletwa. Ulipokuwa hai ulifika ofisini kwetu mara chache, na hukuvuka mapokezi, ulisema harufu ya pale inakuumiza kichwa. Sasa ulikaa vyumba vyote. Kila mwisho wa mwezi, nilipokuwa nakuhamisha, nilisikia ile pumzi yako kabla kidole hakijabonyeza. Pumzi moja kwa mwezi. Nimeishi nayo kama mtu anayeishi kwa mshahara mdogo, ukifika tu anaanza kusubiri mwingine.

Kulikuwa na tatizo la taa. Ujumbe ambao haujasikilizwa unaiwasha taa nyekundu, na kila chumba ulichohamia simu yake ilikaa inawaka mwezi mzima. Waonjaji hawakujali. Mlinzi aliifunika kwa kofia. Elia ndiye aliyekuja kulalamika, akasema taa ya simu yake haizimiki, anahesabu magunia huku anakodolewa macho. Nikamweleza kuwa ni ujumbe wako, kwamba nautunza kwa kuuhamisha usifutwe. Baadaye nilipita stoo nikaona ameibandika ile taa plasta ya kidonda, ameikata vizuri kwa mkasi. Wakati wa kuondoka akaniambia, bila kuniangalia, "Mzee, ujumbe uliosikilizwa hauwashi taa." Nikasema ndiyo. Akasema basi, alikuwa anauliza tu. Hakuligusa tena jambo hilo hadi anastaafu, na mimi nilimpenda kwa hilo kuliko alivyojua.

Nami nikastaafu. Nilipokuwa nakabidhi ofisi nilimwita Neema, binti wa mapokezi, aliyekuja kazini ukiwa umeshaondoka na hakukujua. Nikamfundisha vitufe. Nikamwambia asisikilize, siyo siri mbaya, ila ni ujumbe wa mke wangu. Nilidhani ataona mzee ameanza kuchanganyikiwa. Alichukua karatasi akaandika, akaniuliza, "Baba, anapenda kukaa chumba gani?" Nikamwambia popote penye nafasi.

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi simu yangu inaita, ni Neema. Ananipa shikamoo, ananiuliza kifua, kisha anatoa taarifa. Mama ametoka chumba cha mikutano, yuko stoo. Mama nimemrudisha kwa waonjaji, chumba cha mikutano wanapaka rangi. Tunacheka kidogo. Kuna miezi ambayo simu hiyo ndiyo peke yake iliyoita humu ndani bila kuwa ni mtu wa kampuni ya simu anayetangaza vifurushi.

Maana huku, mke wangu, ni kimya. Sikulaumu wala siwalaumu watoto. Desemba wanakuja wote, nyumba inajaa, wajukuu wanaogopa choo cha nje, mbuzi anachinjwa, kanisani tunakaa benchi nzima. Wiki mbili. Kisha magari yanashuka mteremko, vumbi linatulia kwenye migomba, na mimi nabaki nakunja mashuka. Ng'ombe niliwauza, miguu haikuwa na nguvu ya kukata majani. Kahawa nimemwachia Mama Elinami achume, anipe anachoona kinafaa. Ananiletea na mtori wa ndizi, ananikaripia kwamba sili. Jioni mlima unatoka kwenye mawingu kwa muda mfupi, natamani kumwambia mtu tazama, nageuka, ni kiti chako.

Nakaa nawe pia pale chini kaburini, inapoanzia mimea ya masale. Nimesema nawe mengi pale, na hapo ndipo ulipo ukimya ambao siwezi kuujibu.

Wiki iliyopita Neema alinipigia kabla ya mwisho wa mwezi. Nilijua kuna jambo kwa jinsi alivyoirefusha shikamoo. Akasema uongozi mpya umeamua kuung'oa mtambo. Hakuna anayetumia simu za mezani tena, vipuri havipatikani, kila mtu atapewa laini ya mkononi. Fundi atakuja Ijumaa. Kisha akasema anaweza kuuweka ujumbe kwenye simu yake na kunitumia, ni jambo la dakika tatu, ila itabidi ausikie.

Nilimwambia asubiri. Nikampigia Anande, na hapo nikaona nilivyojifunga. Anande alifurahi. Alisema, "Baba, mwache Neema arekodi, atutumie wote kwenye grupu la familia. Wajukuu hawamjui bibi yao hata sauti." Ana haki. Ningemjibu nini? Kwamba sauti ya mama yake imekaa miaka yote hii bila mtu kuisikia, na baba yake mzima ameiogopa? Na kama mle ndani uliniita, watoto wataisikia kwa pamoja, kila mmoja na simu yake, Dar, Dodoma, Arusha, na mimi huku nikisubiri nani atakuwa wa kwanza kunipigia. Nilimwambia Anande nitashuka mwenyewe nikaulete. Akasema, "Kwa moyo huo?" Nikamwambia ndiyo, kwa huu huu nilionao.

Kijana wa Mama Elinami alinishusha kwa gari siku ya Alhamisi, taratibu, anasimama kila nikiguna. Sikuwa nimefika mjini tangu Pasaka. Ofisi ni ileile, harufu ileile, ila watu wote ni watoto. Walisimama kunisalimia wasijue mimi ni nani. Neema alinishika mkono kutoka getini. Amenenepa, ana mvi mbili tatu, nikamwambia amezeeka, akasema amezeeka kwa kuhamisha mama wa watu. Sanduku la rangi ya maziwa lilikuwa bado ukutani, limegeuka rangi ya chai. Ulikuwa chumba cha mikutano mwezi huu. Akaniketisha, akanisogezea simu na glasi ya maji. Nilimuuliza kama aliwahi kusikiliza, hata bahati mbaya. Akasema, "Hapana, Baba. Nilikuwa nafika kwenye pumzi." Kisha akatoka, akavuta mlango.

Nilibonyeza. Siku, saa. Pumzi. Kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye kitufe cha kuhamisha, kwa mazoea, nikakizuia kwa mkono wa pili. Nawe ukasema.

"Baba Anande, habari za kazi."

Ukanyamaza. Sauti yako ilikuwa ya kijana kuliko nilivyoikumbuka. Nilisahau kujibu, nikajibu nimechelewa, nikakuangukia katikati ya sentensi. Ulisema huko ni kwema, na yule ng'ombe mweusi amezaa alfajiri, jike. Ukanyamaza. Nikasema hongera. Ukasema, "Huyu nimeshasema ni wa Anande. Akija Desemba umpe wewe mwenyewe, mbele ya wenzake, ajue amepewa na baba yake pia." Ukanyamaza kwa muda mrefu zaidi, na mimi sikuwa na la kujaza pale. Ndama yule nilimuuza kabla hajaacha kunyonya. Nilimpa mtu wa kwanza aliyetaja bei, kwa sababu nilimkuta zizini jioni ile ile ya kanga na sikuweza kumtazama.

Anande, kama umefika hapa katika kusoma, ndivyo ilivyokuwa. Mama yako alikutengea. Mimi sikujua, na ni kwa sababu sikutaka kujua.

Kisha ulisema nipande mapema kidogo. Ulisema hakuna jambo, kichwa tu ni kizito tangu asubuhi, utakata majani ya ng'ombe halafu upumzike, ila ungependa tuketi. Hukuita kwa hofu. Hukulia. Ulisema kama mtu anayeomba chumvi. Miaka yote nilijiandaa kwa kilio, na nilichopata ni wewe mwenyewe, siku ya kawaida, unataka tuketi. Nikasema nakuja. Nilisema kwa sauti, kwenye chumba cha mikutano, mbele ya viti vitupu.

Ulinyamaza tena. Nilidhani umemaliza, nikawa nasikiliza jogoo na mlio wa ndoo mahali fulani nyuma yako. Halafu ukasema, polepole, "Najua upo hapo." Hukungoja jibu safari hii. Ukasema haya, maliza kazi, na mashine haikukukata, ulikata mwenyewe.

Neema aliurekodi baadaye, mimi nikiwa nje kwenye gari. Ijumaa fundi alikuja. Nimeambiwa ilimchukua saa moja kung'oa kila kitu. Ujumbe uko kwenye simu yangu, sijautuma kwenye grupu bado. Nitautuma pamoja na barua hii, kwa sababu wakiusikia peke yake watakuhurumia na kunihurumia, na huruma hiyo siistahili yote.

Kwetu mtu akimkosea mwenzake huchuma jani la sale akampelekea, na anayeletewa hawezi kukataa. Nimelifikiria. Lakini masale yako yote yamekuzunguka wewe, ningelichuma kwako nikakuletee wewe, nikaona huo ni ujanja wa mzee. Kwa hiyo nakuletea neno lenyewe, bila jani.

Nilikuwa na mazoea ambayo hukuyajua. Simu zile zilikuwa na kioo kidogo kinachoonyesha namba ya anayepiga, hata akiunganishwa na mapokezi. Nikiona ni yako, mara nyingine nilikuwa naiacha iite mpaka mashine iipokee. Siyo kwa kukuchoka. Nilipenda kukusikiliza jioni, mlango umefungwa, bila mtu kuniharakisha, nijibu palipo kimya. Nilijiambia kuwa hivyo ndivyo ninavyokupa muda mrefu zaidi. Nilifanya hivyo mara nyingi, na siku ile nilifanya hivyo.

Pumzika, mke wangu. Sidhani nitachelewa kukufuata. Watoto niliwaambia nilikuwa kikaoni, na kila aliyekuja kunipa pole nilimwambia hivyo hivyo, mpaka nikaanza kukiona kikao chenyewe, nani alikaa wapi. Hapakuwa na kikao. Ilikuwa saa nne, nina kikombe cha chai, namba yako iko kwenye kioo. Nilikuwepo, Mama Anande. Nilikuwa nimeketi mbele ya simu, nikaitazama, nikaiacha iite.

Mumeo,
Baba Anande